Jinsi ya Kuchagua Saa ya GPS ya Gofu: Mwongozo kwa Anayeanza

Msimu wa mashindano ya klabu ukikaribia, maswali huwa yaleyale. Nichukue saa ipi? Hii ya bei nafuu itanitosha? Nikiivaa kwenye mashindano si wataniondoa? Mbona ya mwenzangu inasoma 150 na yangu inasoma 137, na tumesimama mahali pamoja? Wanaouliza ni watu walioanza gofu juzijuzi, wenye fimbo nzuri na ari kubwa, na wengi wao tayari wana mkono mfukoni. Mwongozo huu ni kwa ajili yao. Ufuate kwa mpangilio wake, kwa sababu hatua za mwanzo ndizo zinazookoa pesa.

Jambo la kushika kabla ya yote ni hili: saa ya gofu unainunua kwa ajili ya namba tatu. Umbali hadi mbele ya grini (eneo la nyasi fupi sana lenye shimo na bendera), umbali hadi katikati, na umbali hadi nyuma. Kama namba hizo ni za kweli kwenye uwanja unaochezea wewe, na unaweza kuzisoma jua likiwa la utosini, basi una saa ya gofu. Mengine yote ni nyongeza. Baadhi ya nyongeza ni nzuri mno, lakini nyingi utazilipia na hutazigusa.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Orodha ya viwanja unavyocheza mara kwa mara, na vile unavyotarajia kusafiri kwenda. Andika jina kamili na mji. Mchezaji wa Dar es Salaam anaweza kuandika Lugalo na Gymkhana. Wa Mombasa, Nyali, Leisure Lodge na Vipingo Ridge. Wa Kampala ataongeza Entebbe na Kigo.
- Umbali wa fimbo zako, angalau nne: draiva, namba tano, namba saba na weji. Kama huujui, nenda uwanja wa mazoezi upige mipira kumi kwa kila fimbo, utupe ile miwili mizuri kupita kiasi na miwili mibovu, kisha uchukue wastani wa iliyobaki. Bila hesabu hii, saa itakwambia yadi 148 nawe utabaki unaitazama.
- Aina ya simu yako na toleo la mfumo wake. Saa nyingi hupokea ramani mpya kupitia programu ya simu, na simu ya zamani sana huikataa programu hiyo.
- Bajeti iliyojumlisha usafirishaji na kodi. VAT pekee ni asilimia 16 Kenya, na asilimia 18 Tanzania na Uganda, kabla hujahesabu ushuru wa forodha.
- Nakala ya kanuni za uwanja wako. Mara nyingi ziko nyuma ya kadi ya alama au kwenye ubao wa matangazo. Utazihitaji kwenye hatua ya sita.

Hatua ya 1: Tazama saa uliyo nayo mkononi

Kabla ya kutoa hata senti, kagua saa unayovaa sasa. Watu wengi wanaokimbia au kupanda milima wana Garmin za familia ya Fenix au Forerunner za daraja la juu, na nyingi kati ya hizo zina viwanja vya gofu ndani yake. Ingia kwenye orodha ya michezo ya saa yako uitafute gofu. Mwenye Apple Watch naye anaweza kuweka programu kama Hole19, Golfshot au 18Birdies akapata umbali wa mbele, katikati na nyuma.

Kama unayo mojawapo, chezea hiyo kwa mwezi mzima kwanza. Mwezi huo utakufundisha unachokihitaji kuliko maelezo ya muuzaji yeyote. Huenda ukagundua inakutosha kabisa.

Hatua ya 2: Hakikisha uwanja wako umo

Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Mtu husoma kwamba saa ina viwanja zaidi ya 40,000 duniani, akaridhika. Lakini wewe huchezi kwenye viwanja 40,000. Unacheza kwenye viwili au vitatu.

Kila mtengenezaji makini ana ukurasa wa kutafutia viwanja kwenye tovuti yake au kwenye programu yake ya simu, na programu hiyo unaweza kuipakua hata kabla ya kununua saa. Fanya hivi:

a) Tafuta kwa jina la klabu. Usipoona, tafuta kwa jina la mji, kisha kwa jina la nchi. Viwanja vyetu vingi vimeandikwa kwa majina ya zamani, au kwa jina la hoteli badala ya jina la klabu.

b) Ukiupata, hesabu mashimo. Uwanja wa mashimo tisa, kama ule wa Sea Cliff kule Zanzibar, unaweza kuonekana kama tisa tu hata kama ninyi huuzunguka mara mbili kwa kuanzia tii (mahali pa kupigia mkwaju wa kwanza) tofauti. Si kasoro kubwa, ila ni vyema uijue mapema.

c) Linganisha par (idadi ya mikwaju inayotarajiwa) na urefu wa kila shimo na kadi yako ya alama. Kama kadi inasema shimo la nne ni par 3 na ramani inasema par 5, ramani hiyo ni ya kabla ya ukarabati, au mpangilio wa mashimo umebadilishwa. Namba utakazopata hapo zitakupoteza.

d) Uliza wanachama wenzako wanaovaa chapa hiyo kama grini mpya zimo. Klabu ikihamisha grini mita 20 tu, saa yenye ramani ya zamani itaendelea kukutuma kwenye grini ambayo haipo tena.

Viwanja vikubwa vinavyopokea mashindano ya kimataifa, kama Karen na Muthaiga kule Nairobi, havina shida. Tatizo liko kwenye viwanja vidogo vya mikoani, na hasa vile vya zamani ambavyo bado vina brauni za mchanga badala ya grini za nyasi. Kama hapo ndipo unapocheza siku tano kati ya saba, uwepo wa uwanja huo kwenye ramani uwe ndio unaokuchagulia chapa.

Onyo: usikubali maneno ya "utausasisha, utaona umeingia." Kama haumo leo, nunua ukijua haumo.

Hatua ya 3: Chagua daraja la saa

Kuna madaraja matatu, na majina ya kibiashara yasikuchanganye.

La kwanza ni saa ya namba tu. Inaonyesha mbele, katikati na nyuma, pamoja na umbali wa baadhi ya mabanka (mitego ya mchanga) na maji. Mfano mzuri ni Garmin Approach S12: kioo cha rangi moja, vitufe vya kubonyeza, na saa 30 za GPS kwa chaji moja kwa mujibu wa mtengenezaji. Ilitoka mwaka 2021 kwa dola 199.99 za Marekani. Kwa mtu ambaye handikapu yake (kipimo cha uwezo wa mchezaji, kadiri kinavyoshuka ndivyo anavyocheza vizuri) bado iko juu ya 20, sioni sababu ya kwenda zaidi ya hapa.

La pili ni saa yenye ramani ya rangi. Unaliona shimo zima kutoka juu, unagusa sehemu yoyote ya feawei (njia ya nyasi iliyokatwa kati ya tii na grini) na kuambiwa umbali wake, unasogeza bendera kwenye grini. Approach S70 ya mwaka 2023 iko kwenye kundi hili. Ina kioo kizuri sana, na inatoka kwa ukubwa wa milimita 42 na 47. Bei yake ilianza dola 649.99. Hizi zinamfaa mtu anayesafiri kucheza viwanja asivyovijua, kwa sababu ramani inamwonyesha maji yaliyojificha nyuma ya kilima.

La tatu ni saa inayofuatilia mikwaju. Shot Scope V5, kwa mfano, huja na vitambulisho vidogo vya kukaza kwenye ncha ya mpini wa kila fimbo. Unapiga, saa inatambua ni fimbo gani na mpira umekwenda umbali gani, na ukifika nyumbani unaona kila kitu kwenye simu. Mchezaji anayetaka kushusha handikapu kwa bidii atafaidika sana hapa, kwa sababu baada ya raundi kadhaa hatabahatisha tena kwamba namba saba yake inakwenda 150. Ataona kwamba kwa kawaida inakwenda 139.

Kuna pia kipimo cha leza, ambacho si saa. Kinapima hadi kwenye bendera yenyewe kwa usahihi wa kama yadi moja, lakini lazima uione bendera. Ukiwa nyuma ya mti au chini ya kilima hakikusaidii. Ukiweza kimoja tu, anza na saa.

Hatua ya 4: Isome juani

Dukani kila kioo kinang'aa. Omba kuitoa saa nje ya mlango, ikiwezekana kati ya saa sita na saa tisa mchana, uunyooshe mkono kama unavyoutazama ukiwa umeshika fimbo. Je, unaisoma namba ya katikati bila kukunja uso? Na ukivaa miwani yako ya jua? Miwani ya aina fulani hufanya kioo cha saa kionekane cheusi kabisa ukikiinamisha upande mmoja, kwa hiyo geuza mkono huku na huku.

Vioo ni vya aina mbili. Kuna vinavyowaka vyenyewe kwa rangi kali, vinavyopendeza lakini vinakula chaji. Na kuna vinavyotegemea mwanga wa nje, ambavyo kadiri jua linavyozidi ndivyo vinavyosomeka zaidi. Kwa jua letu hivi vya pili vina heshima yake, hata kama havivutii kwenye picha.

Kisha kuna suala la vitufe na kugusa. Mwezi wa masika, au ukiwa pwani jasho linatiririka hadi vidoleni, kioo cha kugusa huanza kujiamulia mambo: tone la maji linakubadilishia shimo. Kama unacheza sana kwenye mvua au kwenye joto la pwani, chukua yenye vitufe, au yenye vyote viwili. Na usiondoke bila kuijaribu ukiwa umevaa glavu.

Hatua ya 5: Betri

Raundi ya mashimo 18 huchukua saa nne hadi tano, na siku ya mashindano yenye watu wengi inaweza kuzidi. Saa inayodumu saa 15 kwenye GPS inakutosha raundi mbili hadi tatu. Soma muda wa "GPS", usisome ule wa "hali ya saa ya kawaida", ambao huandikwa kwa wiki na kwa herufi kubwa.

Hatua ya 6: Jua kanuni zinasemaje

Tangu Januari 2019, Kanuni ya 4.3 inaruhusu vifaa vya kupima umbali, isipokuwa kamati ya mashindano imeweka kanuni ya uwanja inayovikataza. Kwa hiyo kwenye mashindano mengi ya klabu, saa yako ni halali.

Kinachokatazwa ni matumizi fulani. Huruhusiwi kutumia kifaa kupima mwinuko au mteremko, wala kupima kasi ya upepo, wala kukuchagulia fimbo au njia ya kupiga kulingana na mahali mpira wako ulipo. Saa nyingi za daraja la pili zina mambo haya: umbali "uliorekebishwa" kwa mwinuko, na msaidizi anayekwambia upige namba sita. Kuwa nayo ndani ya saa si kosa. Kuitumia kwenye raundi ya mashindano ndilo kosa. Adhabu ya kwanza kwenye mchezo wa kuhesabu mikwaju ni mikwaju miwili, ukirudia, unaondolewa.

Kwa hiyo, kabla ya kununua, hakikisha mambo hayo yanaweza kuzimwa, na muuzaji akuonyeshe yanazimwa wapi. Saa yenye hali maalumu ya mashindano, inayofunga vyote kwa mara moja, inakupunguzia mashaka. Asubuhi ya mashindano yazime mambo hayo kabla hujaenda tii ya kwanza, kisha mwonyeshe mwenzako unayecheza naye. Ni adabu nzuri, na inaondoa maneno baadaye.

Hatua ya 7: Uliza gharama za baada ya kununua

Baadhi ya kampuni hutoa umbali wa kawaida bure lakini hutoza kwa mwezi au kwa mwaka ukitaka ramani za miinuko ya grini au takwimu za kina. Nyingine, kama Shot Scope, hazitozi usajili. Programu nyingi za simu hukupa siku chache za bure kisha huanza kukata kwenye kadi yako ya benki. Uliza swali moja tu, na uliulize hivihivi: "Nisipolipa chochote baada ya leo, saa hii itaendelea kunionyesha mbele, katikati na nyuma, na itaendelea kupokea ramani mpya?" Jibu likiwa ndiyo kwa yote mawili, endelea.

Hatua ya 8: Nunua kwa uangalifu

Wengi wetu huagiza kupitia ndugu aliye Dubai, Uingereza au Marekani, au hununua kwenye duka la klabu. Duka la klabu ni ghali zaidi, lakini ukiharibikiwa una mtu wa kumrudishia. Ukiagiza nje, uliza kabla kama dhamana inatambulika kwako au ni ya nchi iliyonunuliwa tu.

Saa iliyotumika si mbaya, kwa masharti haya: iwashwe mbele yako na ishike setilaiti nje, mwenye nayo aiondoe kwenye akaunti yake ukiwa unaona, chaja yake ya asili iwepo, kwa sababu saa nyingi zina chaja ya aina yake na ya duka la jirani huenda isiingie, na vile vidoa vya shaba vinavyopokea chaji mgongoni mwa saa viwe safi, bila ukungu wa kijani. Ukungu huo ni kutu inayoletwa na chumvi ya jasho, na saa zilizokaa pwani huwa nao sana.

Angalia pia unene. Mchezaji wa mkono wa kulia huvaa glavu mkono wa kushoto, na saa nene ikiwa mkono huohuo hugusana na ukingo wa glavu unapokunja kifundo juu ya bega. Ivae, shika fimbo, piga hewa mara kadhaa hapohapo dukani. Ikikusumbua dukani, uwanjani utaivua.

Hatua ya 9: Ipime kabla ya kuiamini

Usiipeleke saa mpya moja kwa moja kwenye mashindano. Usiku wa kwanza ichaji ijae, iunganishe na simu, sasisha programu na ramani zote ukiwa kwenye Wi-Fi. Sasisho linaweza kuchukua muda mrefu, na sijaona mahali pabaya pa kulifanyia kama tii ya kwanza watu wakikusubiri.

Kesho yake nenda uwanjani jioni, watu wakiwa wachache. Tafuta alama ya 150 kwenye feawei. Kwenye viwanja vingi alama hiyo hupimwa hadi katikati ya grini. Mwulize mkuu wa makedi (wabeba fimbo) kama kwenu ni hivyo, na kama ni yadi au mita. Simama pembeni yake kabisa, subiri kidogo namba itulie, kisha soma ya katikati.

Ikisoma kati ya 146 na 154, saa yako ni nzima. GPS ya saa ya mkononi hukosea mita chache, na aliyechimbia ile alama naye si malaika. Ikisoma 137, saa iko kwenye mita na alama iko kwenye yadi. Ikisoma 164, ni kinyume chake. Nenda kwenye mipangilio ubadilishe kipimo kiwe sawa na cha kadi ya uwanja wako, kwa sababu tofauti hiyo ni fimbo nzima na zaidi.

Rudia kwenye mashimo matatu au manne, na lichague moja lenye miti mirefu pande zote, maana hapo ndipo setilaiti husumbuka. Lakini usilinganishe namba ya saa na ya kadi ukiwa umesimama kwenye vibao vya tii. Vibao huhamishwa kila siku ili nyasi zipumzike. Urefu ulio kwenye kadi umepimwa kutoka alama ya kudumu iliyozikwa ardhini pembeni ya tii. Itafute, simama hapo.

Hatua ya 10: Jifunze kusoma namba tatu pamoja na kedi wako

Wanaoanza hutazama namba ya katikati peke yake. Chukua mfano huu: mbele 142, katikati 156, nyuma 170. Grini hiyo ina kina cha yadi 28, maana yake kati ya bendera ya mbele na ya nyuma kuna tofauti ya fimbo mbili, karibu tatu. Saa haijui bendera imewekwa wapi leo. Kedi anajua, kwa sababu ametoka huko asubuhi. Mwulize: "Kaka, bendera iko wapi leo?" Akisema iko mbele, lengo lako ni kama 147. Akisema iko nyuma, ni kama 165, na hapo mwulize pia kuna nini nyuma ya grini.

Kisha chagua fimbo ambayo mkwaju wako wa kawaida, si ule mzuri wa mwezi uliopita, utaivuka namba ya mbele. Mpira mwingi wa wanaoanza hufa kabla ya grini, kwenye banka, kwa sababu mtu alichagua fimbo kwa mkwaju aliowahi kuupiga mara moja. Na kwa banka, hesabu umbali ambao mpira unaruka hewani, usihesabu na wa kubiringika. Kiangazi ardhi ikiwa ngumu mpira hubiringika mbali. Masika unatua na kukaa palepale ulipoangukia.

Yako mambo ambayo namba haitakwambia. Mchezaji wa Mombasa akipanda Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari, mpira wake utakwenda mbali zaidi kwa kama asilimia sita, kwa sababu hewa ni nyepesi. Fimbo yake ya 150 sasa ni ya karibu 160. Saa itasema ukweli kuhusu umbali. Aliyebadilika ni mpira. Wa Nairobi akishuka Vipingo au Nyali, atajikuta anapungukiwa, tena kusi ikivuma usoni itamwongezea fimbo nyingine nzima. Hapo tena, sikiliza kedi. Yeye ameishi na upepo ule.

Ikisumbua: matatizo ya kawaida

*Haishiki setilaiti.* Mara nyingi umesimama chini ya paa la klabu au ndani ya gari. Toka uende mahali pa wazi dakika kumi kabla ya kuanza. Kama umesafiri mbali au saa imekaa wiki kadhaa bila kutumika, iunganishe na simu kwanza ipokee taarifa mpya za setilaiti. Itashika haraka zaidi.

*Imeruka shimo.* Hutokea pale mashimo mawili yanapokwenda sambamba, ukapiga mpira hadi feawei ya jirani. Rudisha shimo kwa mkono, na ikiendelea, zima kubadilisha shimo kwa kujiendesha hadi mwisho wa raundi.

*Imeniambia raundi imekwisha baada ya mashimo tisa.* Uwanja umeandikwa kama wa tisa. Hifadhi raundi, anza nyingine. Kama ni uwanja wa 18 na mmeanzia shimo la kumi, chagua shimo hilo mwenyewe mwanzoni.

*Haihesabu mikwaju yangu.* Saa nyingi zinazotambua mikwaju zinataka kuvaliwa mkono wa mbele, yaani wa kushoto kwa mchezaji wa kulia. Hata hivyo mikwaju midogo ya pembeni ya grini na ya pata (ya kuuviringisha mpira kwenye grini) mara nyingi hupita bila kuonekana. Iongeze kwa mkono mara tu unapotoka kwenye grini. Ukisubiri mpaka nyumbani hutakumbuka.

*Betri inaisha kabla ya shimo la 18.* Punguza mwanga wa kioo, zima kioo kuwaka muda wote, zima kipimo cha mapigo ya moyo, na katisha Bluetooth ukiwa unacheza. Ikiwa bado inaisha na saa ni mpya, irudishe ndani ya dhamana.

*Mkanda na kioo vinaanza kuwa na madoa.* Dawa ya mbu na mafuta ya kujikinga na jua hula plastiki. Paka kwanza, nawa mikono, acha ngozi ikauke, ndipo uvae saa.

*Chaji haiingii.* Futa vile vidoa vya mgongoni kwa kitambaa laini chenye maji ya bomba, kausha, jaribu tena. Ifute hivyo kila baada ya raundi, hasa pwani. Usikwangue kwa kisu wala pini.

*Namba ni za kweli kwenye mashimo yote isipokuwa moja.* Uliza kwanza kama shimo hilo lina grini ya muda. Wakati wa ukarabati au baada ya mvua kubwa, klabu hukata grini ndogo pembeni ya feawei, na saa haina habari nayo. Siku hiyo tumia leza ya mwenzako, au hesabu hatua kutoka alama ya 150. Kama grini imehamishwa moja kwa moja, watengenezaji wengi wana fomu ya kuripoti kosa la ramani kwenye tovuti zao. Jaza jina la klabu, namba ya shimo na maelezo ya mabadiliko, na waombe wanachama wawili watatu wafanye vivyo hivyo.